Mama wa Kadi

Katika kiwanda chetu cha nguo pale Eldoret, mtu pekee aliyeweza kumwambia meneja avue viatu alikuwa Mama wa Kadi. Aliketi karibu na mlango wa chumba cha kompyuta, nyuma ya mashine ya kutoboa kadi, na mtu akikanyaga kizingiti na viatu vya vumbi alisema bila kugeuka, "Viatu." Hivyo tu. Meneja wetu alikuwa mtu wa kufoka, aliyewahi kumfukuza karani kazi karani akiwa bado anamsalimia. Lakini nilimwona kwa macho yangu amesimama kwa mguu mmoja kwenye korido, anahangaika na kamba za kiatu.

Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, na mimi ndiye niliyeichapisha orodha hiyo kila mwezi. Hakuna aliyelitumia. Kadi zenyewe zilikuwa vipande vya karatasi ngumu, virefu kama bahasha. Kila kadi ilitobolewa vitundu, na vitundu hivyo vilibeba mstari mmoja wa maandishi ambao kompyuta iliweza kuusoma. Kila kilichoingia katika kompyuta ile, kuanzia marobota ya pamba hadi majina ya vibarua, kilipita kwanza kwenye vidole vyake. Mimi niliajiriwa kuandika programu. Nilitoka Nairobi na diploma yangu na suti moja, nikidhani nimekuja kumfundisha mtu kazi.

"Mashine haikosei," aliniambia wiki ya kwanza, akinirudishia karatasi zangu zikiwa na alama za penseli nyekundu. "Anayekosea ni mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani."

Nilikasirika. Halafu nikaangalia zile alama. Zote saba zilikuwa za haki.

Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili yasiyopatana. Alikataza chakula ndani ya chumba kile kwa ukali wa askari jela, na kwenye droo yake ya chini palikuwa na mkebe wa njugu karanga ambao hakuuficha hata kidogo. Ukiuangalia alikuuliza kama kazi yako imekwisha. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye kofia ya kanisani iliyofahamika mtaa mzima wa Munyaka, na nyumbani kwake karata hazikuingia. Nilimuuliza mara moja, ikiwa karata ni dhambi, mbona chesi si dhambi.

"Karata ni bahati," alisema. "Chesi haina bahati. Ukishindwa, umeshindwa na akili yako mwenyewe. Hiyo hata Mungu anaikubali."

Binti yangu Nekesa alipozaliwa, alikuja nyumbani na unga wa wimbi, akasimama jikoni kwetu siku mbili akimpikia mke wangu uji na kufua nepi. Aliimba akifua. Siku ya tatu nilimkuta kazini, nikamshukuru mbele ya watu, akaniangalia kama mtu anayenijua kwa mbali. "Baba Nekesa, ripoti ya Ijumaa iko wapi?" Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Sasa niseme juu ya lile sanduku.

Kwenye kabati la chuma nyuma yake kulikuwa na sanduku la kadi ambalo halikuhusu pamba wala vibarua. Mhandisi mgeni aliyekuja kufunga kompyuta ile aliliacha. Ilikuwa programu ya kucheza chesi. Kadi zake za kwanza hazikuwa amri kwa mashine bali maneno kwa watu: kwamba programu hii haina mwenyewe, kwamba yeyote atakayeipata airekebishe anavyoweza, aandike jina lake chini ya walioitangulia, kisha ampe mwingine bure. Yalifuata majina saba ya watu wa nchi mbalimbali. Hatukumjua hata mmoja. Mama wa Kadi alisema ni kama kisima cha kijiji: hakina mwenyewe, lakini kila anayechota huondoa jani lililoanguka ndani.

Aliyeipenda programu ile kuliko wote alikuwa kijana wake. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Chesi alijifunza shule ya upili, na akiwa likizoni alikuja kiwandani Jumamosi mchana, kazi ikiwa imekwisha, mama yake akimsimamia. Kompyuta ilifikiri polepole. Ungeweza kwenda kantini, ukanywa chai na mandazi mawili, ukarudi na kuikuta bado haijaamua. Kisha ikachapa kwenye karatasi hatua yake moja, na kijana akasogeza kete kwenye ubao wa mbao aliokuja nao mkobani. Mwanzoni nilidhani anataka kuishinda. Baadaye nikaona kwamba kushinda hakukumshughulisha. Alikuwa anatafuta mahali inapokosea, na kila kosa aliliandika kwenye daftari la kurasa mia, pamoja na namna ya kulirekebisha. Juu ya jalada aliandika kwa herufi kubwa: KUMZINGIRA MFALME. Na kweli mchezo wenyewe ndio huo. Unamzingira mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kwenda.

Akaenda chuo kikuu. Miaka ile sote twaijua. Chama kilikuwa kimoja, picha ilikuwa moja kwenye kila ukuta, na watu walijifunza kuongea wakiwa wameangalia mlango. Wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, majina yakaanza kutafutwa. Kijana alifika Munyaka asubuhi moja akiwa amevaa shati la mtu mwingine. Mama yake alimpikia, akamwangalia akila, akamsindikiza hadi barabarani. Akavuka mpaka wa Malaba, na kwa mwaka mmoja na zaidi hakuna aliyejua kama yu hai. Hatimaye barua ilipitia kwa mtawa mmoja wa kanisani. Kijana alikuwa nchi ya baridi, anaosha vyombo hotelini.

Kazini Mama alisema kijana amepata masomo ng'ambo. Sote tulijua, na sote tulikubali kuamini.

Kisha ikaja kompyuta mpya, ya kioo na diski. Diski zilikuwa sahani nyembamba ndani ya bahasha nyeusi, na moja ilimeza kadi za kabati zima. Meneja akaamuru kadi zote zichomwe kwenye tanuri la kiwanda. Vijana wa stoo walikuja na mkokoteni. Mama aliwaacha wabebe kila kitu, isipokuwa sanduku moja alilolikalia.

"Hii haichomwi," aliniambia walipoondoka. Akafungua mkoba, akatoa leso, na ndani ya leso lilikuwemo lile daftari. "Aliacha kazi nusu. Kwangu mtu haachi kazi nusu."

Nilimweleza kitaalamu kwamba haiwezekani. Programu ile ilikuwa imezeeka. Iliandikwa kwa ajili ya mashine nyingine na kwa mtindo uliopitwa na wakati. Mashine mpya ina lugha yake, kwa hiyo kunakili hakutoshi. Kila mstari lazima uandikwe upya.

"Mistari mingapi?"

"Kama elfu mbili, Mama."

Akaangalia saa ya ukutani. "Chakula cha mchana ni saa nzima. Tuanze leo."

Tukaanza. Wenzetu walipokwenda kantini, sisi tulibaki mbele ya kioo kile cha kijani, yeye akisoma kadi moja moja kwenye mwanga wa dirisha, mimi nikieleza mstari ule ulikusudia nini. Kazi ile ilichukua zaidi ya miaka miwili. Makosa ya zamani yalikuwa mengi. Programu haikujua kwamba mfalme anaruhusiwa kukimbilia pembeni na kujificha nyuma ya ngome yake. Askari mdogo akivuka ubao mzima hadi ng'ambo, ambapo kwa sheria anageuka kuwa malkia, huyu wetu alifika pale akasimama tu, kama mtu aliyeshuka stesheni asiyoijua. Yote kijana alikuwa ameyaandika. Na palikuwa na kurasa nne alimoeleza jinsi ya kuizuia mashine isipoteze muda kwenye njia ambazo imeshaona ni mbaya. Mimi mwenye diploma nilizisoma kurasa hizo wiki mbili kabla ya kuzielewa. Nilipozielewa nilitoka nje, nikasimama kwenye baridi ya uwanja. Niliona aibu, na pia niliona kitu kama fahari, ingawa hakuwa mwanangu. Kijana wa akili ile alikuwa anasugua masufuria.

Mwaka wa kwanza Mama alichapa nilichoandika. Mwaka wa pili alinisahihisha.

"Hapa umesahau farasi anaruka wenzake. Umemfungia njia."

"Umejuaje, Mama?"

"Nimechapa vitu vyako miaka mingapi? Makosa yako nayajua kama mapishi yangu."

Tulipofika kwenye orodha ya majina, aliandika la nane, la kijana wake. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba jina hilo ni hatari kuonekana popote. Vidole vyake vilibaki juu ya vibonyezo. Kisha akalifuta herufi moja baada ya nyingine, akaandika mahali pake: *kijana wa nyumbani*.

Tulipoimaliza tulihitaji mtu wa kuijaribu, maana sisi wawili ilitushinda bila jasho. Kulikuwa na mzee mmoja Msomali, mwenye malori yaliyobeba marobota ya pamba, ambaye alisifika kwa mchezo huo mjini. Mama alimwalika Jumamosi. Mzee akavua viatu, akaketi, akacheka alipoona mfalme wake ni herufi kwenye kioo. Baada ya nusu saa hakucheka tena. Madereva wake na makarani watatu walijaa mlangoni. Saa ya pili ilipoisha, alivua kofia yake, akaiweka mezani.

"Nimefungwa," alisema. "Wallahi nimefungwa. Huyu amefundishwa na nani?"

Na Mama wa Kadi, ambaye kwa miaka mitatu hakumtaja tena mwanawe mbele ya watu, alisimama akiwa na tabasamu ambalo sijaliona kwake kabla wala baada. "Na kijana wangu," akasema. "Hiyo yote ni kazi ya kijana wangu."

Mzee alimpa mkono. Watu mlangoni walipiga makofi. Mimi nilipiga makofi pia, na nilipogeuka nikaona karani mmoja hapigi. Sijui kama ni yeye. Nimejiuliza sana, sijui.

Jumatatu Mama alinipa diski moja ndani ya gazeti. "Nakala ya pili hii. Kaa nayo kwako. Nyumba yangu ina macho mengi siku hizi."

Wiki ya tatu wakaja wanaume wawili wenye makoti. Walipita mlangoni na viatu, na Mama hakusema kitu. Mmoja akamuuliza, "Wewe ndiye Mama wa Kadi? Kadi za nini, za chama?" Mwenzake alikuwa tayari amefungua droo. Akatoa mkebe wa njugu, akatoa karatasi zetu zilizochapwa, akatoa daftari. Akasoma jalada kwa sauti.

"Kumzingira Mfalme." Akamgeukia mwenzake. "Mfalme gani huyu?"

"Ni mchezo," Mama alisema. "Ni mchezo wa chesi, baba."

Yule akafungua katikati, akakutana na safu za herufi na namba, hatua za mchezo jinsi zinavyoandikwa. "Na hii ni lugha gani?"

"Muulizeni Baba Nekesa huyu. Yeye amesomea."

Wakaniangalia. Meneja alikuwa amesimama nyuma yao, naye akaniangalia. Ilitosha kusema maneno matano. Ilitosha kuchukua ubao na kuwaonyesha hatua moja. Nilimfikiria Nekesa, nilifikiria nyumba ya kiwanda tuliyokaa, na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Mimi nahusika na kazi za kiwanda tu. Hizo sizijui."

Mama hakunitazama. Alichukua sweta yake kwenye kiti, akaivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akatoka katikati yao.

Jioni ile niliichukua ile diski kutoka chini ya godoro, nikaitia kwenye jiko la makaa mke wangu alipokuwa dukani. Haikuwaka upesi. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, na nilifungua madirisha yote. Mke wangu aliporudi alidhani nimeunguza kitambaa. Hakuna aliyekuja kwangu. Sio siku ile, sio wiki ile, sio kamwe. Diski iliyobaki kiwandani walikwenda nayo, na sanduku la kadi meneja alilipeleka kwenye tanuri mwenyewe.

Walimweka ndani wiki tano. Alipotoka kazi haikuwepo. Nilisikia amerudi kwao upande wa ziwa. Nilisikia pia kwamba mkono wake wa kulia haufungi vizuri. Sikwenda kumwona. Kila mwezi nilipanga kwenda, na kila mwezi palipatikana sababu.

Miaka minne ilipita. Niliacha kiwanda, nikafungua kibanda cha kuchapa na kutoa nakala huko Kesses, karibu na chuo, ambako wanafunzi waliniletea kazi zao. Alasiri moja nikasikia hodi, na alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya kanisani. Alikuwa amepungua hadi kofia ilionekana ya mtu mwingine.

"Umenenepa, Baba Nekesa," akasema.

Nilimkalisha, nikaagiza chai. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Aliuliza habari za mke wangu, za Nekesa, darasa la ngapi sasa. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Kijana ameandika. Ameacha kuosha vyombo, sasa wamempa kazi ya kompyuta. Anauliza kama ile kazi iliisha. Anataka nimtumie aione. Nikamjibu usijali, ipo, iko kwa mtu ninayemwamini."

Kwa miaka minne nilikuwa nimeyatayarisha maneno ya ukweli. Niliyajua yote, kwa mpangilio. Nikafungua mdomo.

"Walikuja kwangu pia, Mama. Wakaichukua."

Aliweka kikombe chini. "Lini?"

"Wiki ile ile. Wewe ukiwa ndani."

"Wakapekua nyumba?"

"Wakapekua."

"Na mtoto alikuwepo?"

Sikuwa nimefikiria mtoto. "Alikuwepo."

"Alilia?"

"Alilia, Mama."

Akafumba macho. Mwanafunzi aliyekuja kutoa nakala alituona akarudi nje. Mama alipoyafumbua macho hakuuliza tena juu ya diski. Alisema atamwandikia kijana kwamba kazi iliisha yote, mpaka ukurasa wa mwisho, na kwamba ilimfunga mzee wa malori mbele ya watu. "Hiyo ni kweli," alisema. "Hiyo hawakuweza kuichukua."

Nilimsindikiza hadi stendi. Alitembea polepole, nami nikabeba mkoba wake. Gari lilikuwa linajaza. Nilipomrudishia mkoba hakuupokea mara moja. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ule mzima na ule usiofunga.

"Baba Nekesa," akasema, "mimi ndiye niliyekupa kile kitu. Sikufikiri wangemfikia mtoto. Miaka yote hii hukuja kuniona, nami nikakulaumu moyoni, kumbe nilikuwa nimekuletea hayo nyumbani kwako. Nisamehe."

Watu walikuwa wanapanda, kondakta anagonga bati. Bado palikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa ananitazama usoni, anangoja, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi kwa ajili ya mtoto wangu.

"Nimekusamehe, Mama," nikamwambia.

Akanishukuru, akapanda.